Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ghuba: pimeni chini, pimeni usiku

Kwa mawaziri, wakurugenzi wa mazingira na uvuvi, mamlaka za bandari na za majitaka, na halmashauri za miji iliyojengwa kando ya ghuba.

YAH: VIPIMA OKSIJENI VYA KUDUMU CHINI YA MAJI YA GHUBA

Waheshimiwa, salaam.

Ombi langu nalitaja mapema ili msilitafute mwishoni. Wekeni vipima oksijeni vya kudumu karibu na sakafu ya kila ghuba mnayoisimamia, vifanye kazi usiku na mchana, na mtenge fedha za kuvitunza kabla hamjatenga za kuvinunua. Yanayofuata ni sababu zangu.

Ghuba nyingi hupimwa, hilo silikatai. Mashua ya wataalamu hutoka mara moja kwa mwezi, bahari ikiwa shwari na jua limeshapanda. Kipima kinashushwa, namba inaandikwa, na ripoti inatoka ikisema maji ni salama. Lakini oksijeni ya ghuba haikai ikiisubiri mashua. Mchana, mwani na mimea midogo inayoelea hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku utengenezaji unasimama, na kila kilicho hai, kuanzia samaki hadi bakteria wa kwenye tope, kinaendelea kuitumia. Kiwango hushuka saa baada ya saa, kikafika chini kabisa karibu na mapambazuko. Katika ghuba yenye kina kifupi na inayopokea mbolea nyingi, maji yaliyokuwa na oksijeni ya kupindukia saa tisa alasiri yanaweza kukaribia sifuri saa kumi na moja alfajiri. Mashua inayofika saa nne asubuhi inakuta hali imeshaanza kurudi. Ni sawa na daktari anayemtembelea mara moja kwa mwezi, tena mchana, mgonjwa anayebanwa na kifua usiku, kisha akaandika kwamba anapumua vizuri.

Halafu kuna suala la kina. Maji ya mto ni mepesi kwa sababu hayana chumvi, na maji yaliyopashwa na jua ni mepesi pia, hivyo yote hukaa juu. Ya chini ni mazito, yenye chumvi zaidi na ubaridi. Tabaka hizi zikishajipanga hazichanganyiki kirahisi, na hewa inayoingizwa majini na upepo na mawimbi huishia kwenye tabaka la juu. Huku chini mabaki ya mwani uliokufa yanazama, bakteria wanayaozesha, na kazi hiyo inakula oksijeni isiyo na wa kuirudisha. Ndiyo maana mtu anaweza kupima juu akapata miligramu 7 za oksijeni kwa lita huku mita chache chini yake kaa wanakufa. Kila mvuvi anajua kwamba wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, mkondo hupungua nguvu, na huo ndio wakati ambao tabaka hutulia zaidi. Katika ghuba ya Narragansett, Marekani, watafiti waliona upungufu wa oksijeni kwenye maji ya chini ukiandamana na maji mafu ya majira ya joto. Ratiba ya mashua ya mara moja kwa mwezi haijali bamvua, siku za maji makubwa, wala maji mafu.

Akiba yenyewe ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Lita moja ya hewa tunayovuta ina karibu miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25, hata yakiwa yameshiba, haifiki miligramu 7. Joto likipanda akiba hiyo inapungua, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai zaidi. Mstari unaotumiwa na wengi kutaja hatari ni miligramu 2 kwa lita. Uchambuzi wa Raquel Vaquer-Sunyer na Carlos Duarte, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mstari huo uko chini mno: karibu nusu ya spishi zilizopimwa zilikuwa zimeshadhurika kabla maji hayajafika hapo. Wasimamizi wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, wamelizingatia hilo. Kwa maji yao ya wazi wanataka wastani wa mwezi usiopungua miligramu 5 kwa lita, na kwa mifereji yenye kina kirefu wanakubali viwango vya chini zaidi wakati wa joto. Kengele inayosubiri miligramu 2 inalia wakati wengine wameshakufa.

Najua jibu linalotolewa mara kwa mara: kukiwa na tatizo, samaki watakufa na tutaona. Waheshimiwa, naomba jibu hilo liachwe kabisa. Tarehe 20 Agosti 2003, katika ghuba ndogo ya Greenwich iliyo ndani ya Narragansett, zaidi ya samaki milioni moja walikufa. Katika pwani ya Elands Bay, Afrika Kusini, mwaka 1997, takriban tani 2,000 za kambakochi zilitoka majini zikaishia mchangani, baada ya mwani uliochanua kwa wingi kuoza na kumaliza oksijeni. Mwaka 2022 jambo hilo lilitokea tena palepale, safari hii takriban tani 500. Kwenye ukingo wa mashariki wa ghuba ya Mobile, Alabama, kaa na samaki wa chini hukimbilia maji ya kifundo cha mguu kabla ya mapambazuko katika majira ya joto, na watu hutoka na ndoo kuwazoa. Viumbe wale wanakimbia maji yasiyopumulika. Tunapowaona ufukweni, tukio limeshafika mwisho wake.

Tena hao ndio wenye uwezo wa kukimbia. Chaza, kome, minyoo ya topeni na mayai ya samaki hawana pa kwenda, na wakifa hakuna anayepiga picha. Hata samaki anayesalimika anaweza kuwa ameumia: watafiti wa Ghuba ya Meksiko wamekuta samaki aina ya croaker walioishi kwenye maji yenye oksijeni kidogo wakiwa na mayai na mbegu pungufu. Hasara ya namna hiyo hujitokeza miaka kadhaa baadaye, katika nyavu zinazorudi nyepesi, na kufikia hapo mvuvi anaambiwa kwamba amevua kupita kiasi. Pengine ni kweli amevua kupita kiasi. Lakini bila kumbukumbu ya oksijeni, mnamhukumu kwa ushahidi wa upande mmoja.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa bandari ndogo ya King Harbor, Redondo Beach, California. Asubuhi ya tarehe 8 Machi 2011 bandari ilikutwa imejaa dagaa waliokufa, mamilioni yao. Mahali pengine popote ungefuata uvumi wa wiki kadhaa: sumu, mafuta, kiwanda fulani, njama. Pale vipima vya watafiti wa chuo kikuu vilikuwa tayari ndani ya maji, na usiku wa kuamkia siku hiyo viliandika oksijeni ikiporomoka hadi karibu na sifuri. Kundi kubwa la dagaa lilikuwa limeingia kwenye maji yaliyofungika, yenye oksijeni iliyokwisha kupungua, na likaimaliza iliyobaki. Mji ulipata maelezo ya maana mapema, na nguvu zikaenda kwenye kusafisha bandari. Vipima havikuwaokoa dagaa wale. Viliokoa ukweli, na kwangu hiyo si faida ndogo, kwa sababu kila tukio lisiloelezwa humfanya mwananchi aache kumwamini anayesimamia maji yake.

Hata kazi kubwa ya meli ina ukomo wake. Ghuba ya Meksiko imepimwa kila majira ya joto, kwa sehemu kubwa, tangu 1985, na juhudi hiyo ya mwanasayansi wa bahari Nancy Rabalais na wenzake ni miongoni mwa kazi zinazostahili heshima ya dunia nzima. Mwaka 2017 eneo lenye upungufu lilifika kilomita za mraba 22,720. Mwaka 2020 meli ilikuta 5,480 tu, kwa sababu kimbunga Hanna kilikuwa kimepita muda mfupi kabla na kuyavuruga maji. Asiyejua habari ya kimbunga angedhani ghuba imepona. Meli inaonyesha upana wa tatizo katika wiki moja, na kipima kilichobaki chini kinaonyesha lilianza lini, lilikatika lini na lilirudi kwa kasi gani. Msiniulize kipi kati ya viwili hivi kifutwe ili kingine kilipiwe. Vyote vinahitajika.

Sasa nije kwenye vifaa, maana hapa ndipo fedha za umma hupotea.

Kupima oksijeni majini si jambo geni. Lajos Winkler wa Hungaria alitoa njia yake ya kemikali mwaka 1888, na mpaka leo ndiyo tunayorudi kwayo kuhakiki vipima vingine. Katika miaka ya 1950 Leland Clark alitengeneza elektrodi yenye utando mwembamba. Vipima vya sasa vingi hutumia mwanga: taa ya buluu inaangaza kipande chenye rangi maalumu, rangi ile inajibu kwa mng'ao mwekundu, na oksijeni inapokuwepo mng'ao unafifia na kuzimika haraka zaidi. Kifaa kinapima muda huo wa kuzimika. Hakitumii oksijeni, hakihitaji maji yakorogwe, na kinaweza kukaa baharini miezi mingi.

Kinaweza, kikitunzwa. Katika maji ya joto yenye rutuba wiki chache zinatosha kwa ukoga, mwani na viumbe vyenye magamba kukifunika kabisa. Viumbe hao nao wanapumua, hivyo usiku kipima kinasoma chini kuliko hali ya maji, na mchana, mwani uliokikalia ukitengeneza oksijeni, kinasoma juu. Namba zinaendelea kufika ofisini, zina desimali mbili, zinapendeza kwenye kioo cha kompyuta, na ni za uongo. Vifuniko vya shaba husaidia, brashi zinazofuta kioo kila kabla ya kipimo husaidia, taa za urujuanimno husaidia, lakini hakuna kinachomwondolea mtu kazi ya kwenda, kukitoa, kukisafisha na kukilinganisha na sampuli ya Winkler au na kipima kingine kilichohakikiwa. Kuna pia kosa la kimyakimya ambalo naomba wahandisi wenu waulizwe: kifaa kilichoachwa kwenye mpangilio wa maji baridi, yaani chumvi sifuri, kikitumika kwenye maji kamili ya bahari husoma takriban moja ya tano zaidi ya ukweli. Ghuba inayosongwa inaweza kuonekana inaendelea vizuri kwa sababu ya tarakimu moja iliyosahaulika kwenye mpangilio.

Ndiyo maana nilitanguliza matunzo. Nimefanya kazi na vifaa hivi vya kutosha kuona mradi ukizinduliwa kwa utepe na hotuba, maboya mapya yaking'aa, na bajeti yote ikiwa imeishia kwenye ununuzi. Baadaye hakuna mafuta ya boti, hakuna vipuri, fundi aliyefunzwa amehamishiwa idara nyingine, na boya linabaki kuwa kiti cha ndege wa baharini. Ninaowalaumu hapa ni waandaaji wa zabuni, maana wasafishaji wa vipima hawakuwahi kupewa nafasi ndani yake. Zabuni yoyote ya mtandao wa vipima isiyokuwa na fungu la miaka kadhaa la boti, mafundi, vipuri na seti ya akiba ya vipima vya kubadilishana, irudisheni. Vipima vichache vinavyosafishwa kwa ratiba vina thamani kuliko vingi vilivyoota magamba. Na msimamizi wa ratiba hiyo awe mtu mwenye cheo cha kudumu, si kibarua wa mradi.

Kuhusu mahali pa kuviweka, nitakuwa mfupi kwa sababu kila ghuba ina umbo lake. Kituo kimoja katikati hakitoshi. Oksijeni hupotea kwanza kwenye vichwa vya ghuba, yaani sehemu za ndani kabisa ambako maji hayazunguki, kwenye mashimo na mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya meli, nyuma ya vizingiti vya chini ya maji, na karibu na midomo ya mabomba na mito. Kila kituo kiwe na kipima kilicho karibu nusu mita juu ya tope, kingine karibu na uso, na pale tabaka zinapokutana kimoja zaidi. Pamoja na oksijeni kipimwe joto na chumvi, kwa sababu bila hivyo hamtajua kwa nini oksijeni imeshuka. Kipimo kila robo saa kinatosha, na minara ya simu inaweza kubeba taarifa karibu popote penye mji. Kwa ghuba za mbali kuna setilaiti. Upepo nao upimwe. Katika ghuba ya Tokyo upepo wa kutoka nchi kavu husukuma maji ya juu kwenda nje, na yale ya chini yasiyo na oksijeni, yenye salfa, hupanda kichwani mwa ghuba yakiwa na rangi ya buluu ya maziwa na kuua chaza wa ufukweni. Wajapani huliita tukio hilo aoshio. Anayeona namba za chini pamoja na utabiri wa upepo anaweza kutoa onyo kabla maji hayajabadilika rangi.

Na onyo lazima liwe na mwenyewe. Hili ni jambo linalonikera kuliko yote: namba zinafika kwenye seva, saa kumi alfajiri oksijeni imeanguka, na hakuna aliyeandikwa popote kwamba ndiye anayepaswa kuamka. Mfugaji wa samaki kwenye vizimba akipata ujumbe mapema anaweza kusimamisha kulisha, maana samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi, na akawasha mashine zake za hewa. Mamlaka ya bandari inaweza kuahirisha uchimbaji unaofumua tope. Mamlaka ya majitaka inaweza kuzuia umwagaji pale penye uwezo wa kuhifadhi. Mvuvi anaweza kuitoa mitego yake chini kabla kaa hawajafia ndani. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalotokea kama ujumbe unaishia kwenye faili la kuandaa ripoti ya mwaka.

Naomba pia namba hizo ziwe wazi kwa kila mtu, saa ileile zinapopatikana, hata kabla hazijahakikiwa, zikiwa na alama inayoonyesha kwamba bado hazijahakikiwa. Nafahamu hofu iliyopo: hoteli zitalalamika, wanunuzi wa chaza watakimbia, waandishi watapotosha. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na harufu ya yai viza inayotoka kwenye tope lisilo na oksijeni haifichiki. Wavuvi, walimu na wanafunzi wakiweza kuzisoma namba hizo, mtapata macho ya ziada yanayowaambia kituo kipi kimeharibika kabla fundi wenu hajagundua.

Kuna wanaosema, na wana hoja, kwamba chanzo kinajulikana. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye majitaka zinanenepesha mwani, mwani unakufa, unaoza, oksijeni inakwisha. Basi fedha ziende kwenye mitambo ya majitaka, kupima kwa nini? Nakubali kwamba kipima hakiongezi hata tone la oksijeni, na serikali inayonunua maboya ili ionekane inafanya kitu huku mabomba yakimwaga uchafu uleule inawadanganya watu wake. Lakini tazameni palipopatikana nafuu. Baada ya vifo vya Greenwich, jimbo la Rhode Island, lenye ghuba hiyo, lilipitisha sheria mwaka 2004 ya kukata kwa nusu naitrojeni inayotoka kwenye mitambo ya majitaka katika miezi ya joto, mitambo ikaboreshwa, na ni mtandao wa vituo vya kudumu uliowezesha watu kusema kwa ushahidi kama maji ya chini yalikuwa yanabadilika. Kaskazini-magharibi mwa Bahari Nyeusi, matumizi ya mbolea yalipoanguka baada ya mabadiliko ya kisiasa ya mwaka 1989 hadi 1991, upungufu wa oksijeni nao ulipungua sana ndani ya miaka michache. Ghuba hurudi. Mlipa kodi aliyegharamia mtambo wa majitaka kwa fedha nyingi ana haki ya kuonyeshwa inarudi kwa kiasi gani, na kama hairudi, aambiwe ni wapi pengine pa kubana.

Mwaka 2018 kundi la wanasayansi likiongozwa na Denise Breitburg liliandika kwamba zaidi ya maeneo 500 ya pwani yameripotiwa kuwa na oksijeni chini ya miligramu 2 kwa lita, na kwamba chini ya asilimia 10 yake yalijulikana kabla ya 1950. Neno la kuangalia hapo ni kuripotiwa. Ghuba isiyopimwa haimo kwenye hesabu hiyo, iwe mbaya iwe nzuri.

Kwa hiyo nawaomba mnijibu, na muwajibu wananchi wanaoishi kando ya maji mnayoyasimamia, kwa maandishi. Katika ghuba yenu, mara ya mwisho oksijeni ilipimwa chini, karibu na tope, kabla ya jua kuchomoza, ilikuwa lini, na ilisoma ngapi? Fungu la kutunza vipima kwa miaka mitano ijayo limeandikwa katika bajeti ipi? Na usiku wa leo, kiwango kikianguka, ni nani mwenye zamu ya kupigiwa simu? Kama jibu la swali la kwanza ni kwamba haijawahi kupimwa, hamhitaji kusubiri zabuni. Chukueni kipima cha mkono, mashua na watu wawili, katika maji mafu yajayo ya msimu wa joto, saa kumi alfajiri, mkaanzie kichwani mwa ghuba.

Wenu,

Fundi wa vipima vya maji